Motokaa Isiyo na Paa na Kelele Zake

Maneno haya yalinenwa mbele ya wenye motokaa, madereva na mafundi wa Mugutha, kati ya Ruiru na Thika. Yachapwa hapa kwa faida ya wale wasioweza kuhudhuria.



Nimeombwa kusema juu ya kelele za motokaa, na hasa zile motokaa ndogo za mbio zisizo na paa la bati, ambazo paa lake ni turubai la kukunjwa nyuma ya viti. Yamkini mmoja wenu anacheka moyoni na kujiuliza ni wangapi hapa Mugutha walio na motokaa za namna hiyo. Ni haki yake kucheka, kwa kuwa si wengi. Hata hivyo katika Kenya zipo. Zipo MG na Triumph za zamani zilizotunzwa na watu wenye kuzipenda, na zipo Mazda ndogo za viti viwili zilizotoka Japani. Tena mtu akitazama vizuri ataona kwamba Land Rover ya turubai, ambayo kila mzee hapa aliwahi kupanda au kusukuma, ni ndugu yake motokaa hiyo. Hata tuktuk ipitayo hapo barabarani ni ndugu yake mdogo. Vyombo hivi vyote vimekosa paa la chuma, na kwa sababu hiyo hupiga kelele kwa namna moja. Basi asiye na motokaa ya mbio na asikilize kwa ajili ya chombo alicho nacho.

Kabla sijafika mbali nitasema neno lililonileta. Kelele ya motokaa ni habari. Mtu asiizime habari kabla hajaisikia mpaka mwisho. Kuna wenye motokaa wa namna mbili ambao hupata hasara. Wa kwanza huogopa kila mlio, na fundi asiye mwaminifu akimwambia kwamba shokabsoba zote nne zimekufa, hutoa fedha bila swali, kisha kesho yake mlio uko palepale, kwa maana ulikuwa ni mlio wa jeki iliyolegea chini ya gurudumu la akiba. Wa pili haogopi kitu. Husokota gunia, hulisindika penye mlio, hufungua redio kwa sauti kubwa, na husafiri kwa amani mpaka siku gurudumu linapomtoka. Huyu wa pili ndiye anayenihuzunisha zaidi, kwa kuwa aliambiwa mapema, naye akaliziba mdomo lile lililomwambia.

Sasa tuulize: kwa nini motokaa isiyo na paa ina kelele nyingi kuliko ile yenye paa? Wengine husema ni kwa sababu sauti yaingia kutoka nje. Hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu iliyo ndogo. Twaa sanduku la viatu lenye kifuniko kilichobandikwa kwa gundi, ulishike ncha mbili na kujaribu kulipotosha kama mtu anayekamua nguo. Litakataa. Kisha kata kifuniko ukitupe, ujaribu tena. Litapinda mikononi mwako bila taabu. Paa la motokaa ya kawaida hufanya kazi ya kifuniko kile. Huzifunga nguzo za kioo cha mbele pamoja na sehemu ya nyuma, na bodi yote huwa kitu kimoja. Paa likiondolewa, gurudumu moja linapotumbukia shimoni bodi yote hujipotosha kidogo, pengine kwa unene wa kadi tu. Lakini mlango umekaa ndani ya tundu lake, nalo tundu limebadilika umbo, basi mlango hujisugua. Kioo cha mbele hutikisika, usukani hutetemeka mikononi, na kila kitu kilichofungwa kwa skrubu moja mahali pa mbili hupata nafasi ya kusema.

Watengenezaji wajua jambo hilo, na kwa sababu hiyo huongeza chuma mahali pengine. Hunenepesha vizingiti, yaani yale maboriti ya bati yapitayo chini ya milango kutoka mbele hata nyuma, na huweka mihimili ya kukingama chini ya sakafu. MG za zamani, kama ile iitwayo TC iliyotengenezwa tangu 1945 hata 1949, zilikuwa na kiunzi cha mbao ndani ya bati, na mbao nazo hukauka, husinyaa na kulegea kwenye maungio, kama kitanda cha mbao kiliavyo usiku mwenyewe akigeuka. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, ilijengwa kwa njia nyingine: chasisi nzito ya chuma, na juu yake vipande vya bati la aluminiamu vilivyofungwa kwa bolti nyingi mno. Chasisi haipindi kwa urahisi, lakini kila bolti ni mdomo. Wazee walioendesha Land Rover hizo wajua kwamba mtu aweza kumtambua mgeni ajaye kabla hajaonekana.

Hapa Thika pana kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na Land Rover nyingi zilipita mikononi mwa wafanyakazi wake. Nalitaja jambo hili ili vijana wasidhani kwamba elimu ya kukaza bolti sawasawa ni lazima itoke ng'ambo.

Jambo la pili ni barabara. Tangu barabara kuu ya Nairobi hata Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, mtu aweza kwenda kilomita nyingi juu ya lami iliyo laini, na motokaa yake ikanyamaza kama mtoto aliyelala. Akiacha lami na kushika njia ya murramu, motokaa huamka. Ninyi mwaijua ile murramu iliyofanya mawimbi kama ubao wa kufulia nguo. Mawimbi hayo hukaa mbalimbali kwa nusu mita au zaidi, mpaka kama mita moja. Tuchukue kwamba ni sentimita 75, na kwamba mtu aenda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao ni mita 11 hivi kwa kila sekunde. Gawanya, nawe utaona kwamba gurudumu hupigwa kama mara 15 kwa kila sekunde. Mapigo ya namna hiyo ndiyo hasa yaitikisayo bodi isiyo na paa, kwa maana yakaribia mtikisiko wake wenyewe wa asili, kama vile mtu akisukuma bembea kwa wakati wake ufaao. Punguza mwendo au uongeze kidogo, na kelele yaweza kupungua nusu yake bila kugusa spana. Lakini nawasihi, msichukue maneno haya kuwa ruhusa ya kukimbia juu ya mawimbi. Gurudumu linalorukaruka haligusi chini sawasawa, na kwenye kona motokaa hiyo haina breki wala usukani wa kutegemewa.

Nitatoka nje ya njia kidogo. Mashindano ya motokaa ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Motokaa za namna nyingi zilishinda katika miaka iliyofuata, kuanzia Volkswagen ndogo mpaka Peugeot 404 na Mercedes. Mwaka 1971 na tena mwaka 1973 ilishinda motokaa ya mbio hasa, Datsun 240Z ya viti viwili, na mwaka huo wa 1973 dereva wake alikuwa Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano. Lakini tazameni: hata motokaa hiyo ya viti viwili ilikuwa na paa la bati. Barabara zetu zilikwisha kutoa hukumu yao juu ya sanduku lisilo na kifuniko. Basi mwenye kupenda upepo kichwani na ajue tangu mwanzo kwamba amejitwalia kazi, wala asimlaumu fundi kwa jambo lililoamriwa na umbo la motokaa yenyewe.

Nije sasa kwenye kutafuta. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, nami nitakaa kidogo.

Mtu akimletea fundi motokaa na kusema, "Ina kelele," amesema neno dogo mno, kama mgonjwa amwambiaye mganga kwamba anaumwa, kisha akanyamaza. Lugha yetu ina utajiri katika jambo hili, nasi tuutumie. Fundi na aulize: Je, motokaa yalia, yagonga, yatatarika, yavuma, au yasaga? Kulia ni sauti nyembamba, kama ya bawaba kavu, na aghalabu ni raba inayosuguana na bati, au ngozi ya kiti kwenye kiti. Kutatarika ni kama mbegu ndani ya kibuyu: vitu vyepesi viwili vinapigana upesi, bati na bati, au nambari ya gari na skrubu zake. Kelele za namna hizi mbili, kwa kawaida, hazimwui mtu. Lakini kugonga, yaani pigo zito moja unapopita shimo, au unapokanyaga breki, au unapokata kona, hiyo ni kelele ya viungo: bushi iliyokwisha, boljointi iliyolegea, shokabsoba iliyong'oka. Kuvuma kunakoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika unapokata kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Na kusaga, chuma kwa chuma, hasa unaposhika breki, ni kelele ambayo mtu haendi nayo nyumbani. Huegesha palepale.

Basi kabla ya kutafuta mlio mdogo ndani ya motokaa, iinue kwa jeki, uweke magogo imara chini yake, kwa maana jeki si kitu cha kulaliwa chini. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, itazame beringi, na boljointi pia. Kisha lishike kushoto na kulia ulitikise. Likicheza hapo, tazama viungo vya usukani. Kazi hii ni ya dakika chache kwa kila gurudumu. Fundi anayeanza kubandika mpira kwenye milango kabla ya kuifanya, hata kama ana vifaa vya thamani, mimi singempa motokaa yangu.

Ikiisha kazi hiyo na magurudumu yakionekana kuwa salama, toeni vitu vyote. Nasema vyote. Wahenga walisema debe shinda haliachi kutika, na katika motokaa ndogo madebe shinda ni mengi: chupa ya maji, spana chini ya kiti, sarafu ndani ya kisanduku, jeki, gurudumu la akiba, galani ya mafuta iliyojaa nusu. Iendeshe motokaa hali ya kuwa tupu katika njia ileile. Mara nyingi kelele iliyomkosesha mtu usingizi hubaki nyuma, sakafuni mwa gereji, pamoja na zile spana.

Kelele ikibaki, watu wawili na waingie. Mmoja aendeshe, mwingine asikilize, wala asiwe na kazi nyingine. Dereva asikilizaye na kuinama huku anaendesha ni hatari kwa watoto wa njiani. Yule msikilizaji na aweke kiganja juu ya kila kitu kwa zamu: juu ya mlango, juu ya nguzo ya kioo, juu ya kifuniko cha redio, juu ya fremu ya turubai. Penye kunyamaza unapopashika ndipo palipo. Na apige alama ya chaki. Mkirudi gerejini, pigeni polepole kwa ngumi au kwa nyundo ya mpira kuanzia mbele hata nyuma, chini na juu. Kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na ncha ya pili penye mashaka, huleta sauti kama kile chombo cha mganga. Lakini injini ikiwa inazunguka, kaa mbali na feni.

Hapa yafaa niseme juu ya ujira, jambo ambalo huleta ugomvi mwingi. Fundi aweza kutumia saa mbili kutafuta, kisha akaponya kwa kipande cha mpira wa tyubu kisicho na bei. Mwenye motokaa husema, "Kwa kipande hiki wanidai kiasi hicho?" Haoni kwamba hakununua mpira, amenunua zile saa mbili na masikio ya fundi. Kwa kukataa kulipa kazi ya kutafuta, sisi wenyewe twawafundisha mafundi kuuza vyuma visivyohitajiwa, kwa kuwa shokabsoba mpya ina stakabadhi na bei, na masikio hayana. Afadhali kupatana mapema: kutafuta ni kiasi fulani, kuponya ni kiasi fulani. Hapo fundi hana sababu ya kusema uongo.

Sasa dawa. Milango kwanza, kwa sababu katika motokaa isiyo na paa mlango ndio mlalamikaji mkuu. Tazama kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshikwa na komeo la mlango. Kikiwa kimeng'aa upande mmoja, ndicho kinacholia. Kisafishe, ukipake grisi kidogo sana, au ukizungushie utepe mgumu wa kitambaa. Raba zinazozunguka mlango na ukingo wa turubai zisipakwe mafuta ya injini wala grisi ya kawaida, kwa kuwa mafuta hayo huivimbisha raba na kuiozesha. Tumia gliserini ipatikanayo katika maduka ya dawa, au mafuta ya silikoni. Zioshwe kwanza kwa maji na sabuni, kwa maana vumbi letu jekundu likichanganyika na kitu chochote cha kuteleza huwa msasa.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuona mafuta yakitiririshwa katika maungio ya fremu ya turubai. Kitabu kilichoandikwa katika nchi ya mvua kitasema tia mafuta. Hapa tia risasi ya penseli iliyosagwa, au sugua kwa mshumaa, na vumbi halitashika. Turubai likikunjwa, weka blanketi jembamba kati ya mikunjo, ulifunge kwa kanda zake. Asubuhi za baridi za Julai usilikunje kabla jua halijalipata joto, kama dirisha lake la nyuma ni la plastiki, kwa kuwa plastiki baridi hupasuka. Vioo vya milango vishushwe kabisa au vipandishwe kabisa. Kioo kilichoachwa nusu hutatarika, na hakuna fundi awezaye kukizuia kwa muda mrefu.

Kwa Land Rover na pikapu: ule mnyororo wa mlango wa nyuma uvishwe mpira wa tyubu ya baiskeli, na bolti za sakafu ziwekewe washa za raba. Kifuniko cha injini kina vipande vya raba vya kukalia. Vikiisha, vibadilishwe, si kukikaza kwa kamba. Nambari ya gari ibandikwe raba nyuma yake. Kazi hizi ni za jioni moja, nami sitazieleza zaidi, kwa kuwa kila mmoja aweza kuziona kwa macho.

Upepo wa tairi nao usisahauliwe. Tairi lililojazwa kupita kiasi huwa gumu kama gogo na hupeleka kila jiwe ndani ya bodi. Kipimo cha kufaa kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni au ndani ya kitabu cha motokaa, nacho hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi.

Nimeacha mambo mawili ya hatari mpaka sasa ili yakae masikioni mwenu.

La kwanza ni kutu ya vizingiti. Nilisema kwamba vizingiti ndivyo vinavyofanya kazi ya paa lililokosekana. Basi tazameni ubaya huu unavyoanza. Nyuma ya viti, mahali turubai linapokunjwa, pana matundu madogo ya kupitishia maji ya mvua mpaka chini. Motokaa ikilala chini ya mti, majani na vumbi huingia katika matundu hayo na kuyaziba. Mvua za Machi hata Mei zikija, maji hayapati njia, hushuka ndani ya vizingiti na kukaa humo miezi. Bati huoza kutoka ndani, huku rangi ya nje yang'aa. Kisha mwenyewe anaanza kusikia milango ikilia na kugonga, naye hununua raba mpya za milango. Raba hazina kosa. Ni bodi inayokatika katikati. Ipime hivi: motokaa ikiwa chini, utazame ufa kati ya mlango na bodi. Iinue kwa jeki upande mmoja, uutazame ufa uleule. Ukibadilika sana, au mlango ukikataa kufunguka na kufungwa, usibandike kitu. Mpelekee mtu ajuaye kuchomelea vyuma vya bodi, akate penye kutu mpaka afike penye chuma kizima. Motokaa ya namna hiyo ikigongwa ubavuni, haina la kumkinga aliye ndani. Na matundu yale husafishwa kwa kamba laini ya plastiki na maji kidogo, kabla ya mvua, kwa muda usiozidi dakika kumi.

La pili ni eksozi. Bomba la eksozi huning'inia kwa vishikizo vya raba. Vikikatika, bomba hugonga chini ya sakafu, na watu wengi hulifunga kwa waya. Waya hunyamazisha kugonga, lakini huleta mtikisiko wote wa injini ndani ya bodi, na hukivunja kiungo kingine mbele yake. Moshi hutoka hapo, chini ya miguu. Mtu husema, "Mimi sina paa, moshi utapeperuka." Sivyo. Upepo unaopita juu ya kioo cha mbele hujikunja nyuma ya viti na kurudi ndani, nao huvuta moshi wa nyuma pamoja nao. Turubai likifungwa kwa ajili ya mvua, hali huwa mbaya zaidi. Ndani ya moshi huo mna hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Abiria wawili wakilalamika kichwa kwa pamoja, egesheni, mtoke nje, wala motokaa hiyo isiendeshwe tena mpaka bomba limetengenezwa. Afadhali bomba ligonge ulisikie, kuliko linyamaze kwa waya huku linavuja.

Juu ya sauti ya upepo wenyewe sina mengi. Vioo vya milango vikipandishwa, na wavu mdogo ukisimamishwa nyuma ya viti, upepo wa kurudi hupungua sana. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba waganga huhesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa sikio kwa siku moja, na kila desibeli tatu zikiongezeka wengi wao hukata muda huo nusu. Kwenye barabara kuu, turubai likiwa limekunjwa, mwendo mkubwa waweza kuupita mpaka huo upesi. Mtu ashukaye akisikia mluzi ndani ya masikio yake amekwisha kulipa kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Mmoja wenu aliniuliza kabla sijasimama kama kazi ikiisha imekwisha. Haijaisha. Bolti mpya hujikalisha, raba mpya hujibana, na nati za gurudumu lililotolewa hulegea kidogo. Nati hizo zikazwe kwa kukingamisha, hii kisha ile inayoielekea, si kwa kuzunguka, na zikazwe kwa mara ya mwisho motokaa ikiwa imesimama chini kwa uzito wake. Kisha iendesheni kutoka hapa mpaka Thika na kurudi, na tena siku ya pili, mpaka zipate kama kilomita 80 au 100. Mkifika hapo, chukueni spana mzikaze upya zote, pamoja na zile za mihimili ya chini ya sakafu ambazo hakuna azionaye.